Risasi Ikiwa Hewani

Risasi ya 6.5 Creedmoor yenye uzito wa gramu 9.3 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 823 hivi kwa sekunde, na kufika mita 450 hutumia zaidi kidogo ya sekunde 0.6. Elki anayelisha mlimani, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake huweza kuzidi kilo 300, hahitaji muda mrefu kuliko huo ili ainue mguu na kusogea hatua moja. Aliyelengwa mapafuni hupigwa tumboni. Wala hakushtuliwa na mlio, kwa kuwa mlio huja nyuma ya risasi. Kwa umbali huo humfikia kama sekunde 0.7 baada ya kujeruhiwa. Alisogea tu kwa sababu majani mabichi yalikuwa mbele kidogo.

Mazungumzo yote kuhusu bunduki ya kuwindia mbali yangefaa yaanzie kwenye sehemu hiyo ya sekunde. Mara nyingi huanzia dukani.

Dukani nako kuna mambo ya maana, na si haki kuyadharau. Kwa watu wa majimbo ya Marekani ya Montana, Idaho, Wyoming na Colorado, uwindaji si anasa ya matajiri wachache. Ni nyama ya kula majira ya baridi, ni mazoea ya ukoo, na mapori makubwa ya umma humpa yeyote mwenye kibali nafasi ya kupanda mlima na bunduki yake. Ndiyo maana swali la bunduki ipi huulizwa kwa dhati, tena huulizwa kila mwaka kiangazi kikielekea ukingoni na msimu wa elki ukikaribia. Mwindaji ana Remington 700 aliyoachiwa na baba yake, kaliba .30-06, kitako chake cha mti wa jozi kimechubuka, darubini yake ina ukungu kidogo pembeni. Anataka kujua kama aifanyie matengenezo au aiweke kabatini anunue mpya.

Bunduki ya zamani si ya kutupwa. Remington 700 ilitoka mwaka 1962, na mwili wake wa chuma ni wa mviringo, umbo ambalo ni rahisi kuchongwa kwa usahihi kwenye mashine; mafundi wengi wa Marekani hadi leo hujenga bunduki za shabaha juu ya umbo hilo hilo. Winchester Model 70 ya mwaka 1936 ilirithi kutoka Mauser ya Ujerumani ya 1898 lile kucha kubwa linaloshika kitako cha ganda tangu linapotoka kwenye magazini hadi linapotupwa nje. Mwaka 1964 kiwanda kilibadilisha muundo ili kupunguza gharama, na wawindaji walikasirika kiasi kwamba mpaka sasa bunduki zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo huuzwa kwa bei ya juu. Chuma kizuri hakichakai kwa kukaa kabatini.

Kinachochoka au kuyumba ni maungio. Mti hunywa unyevu na kuuachia; kitako kilichokaa vizuri Agosti kwenye joto kavu kinaweza kuusukuma mtutu pembeni Novemba theluji inapoanguka, na matundu yakahama kwenye shabaha bila mtu kugusa skrubu hata moja. Fundi hulitibu hilo kwa kumimina gundi ngumu ya epoksi mahali mwili wa bunduki unapolalia kitako, ili chuma kikae palepale kila mara, kisha hupanua mfereji wa mbele hadi mtutu ubaki huru, haugusi kitu. Wamarekani hupima uhuru huo kwa noti ya dola: ikipita kati ya mtutu na kitako kutoka ncha hadi karibu na chemba bila kukwama, kazi imekamilika. Ni matengenezo ya bei nafuu kuliko mengine yote, na kwa bunduki nyingi za zamani ndiyo yanayoleta tofauti kubwa kuliko yote.

Baada ya hapo huja kifyatulio. Kifyatulio kizito, cha kilo tatu kwa mfano, humlazimisha mpigaji avute kwa nguvu zinazokaribia uzito wa bunduki yenyewe, na mkono unaovuta hivyo huipeleka bunduki pembeni kabla risasi haijatoka. Vifyatulio vya kuwindia vyenye uzito wa kilo moja hadi kilo moja na nusu, vinavyokatika ghafla bila kukwaruza, vimekuwa jambo la kawaida. Mapema miaka ya 2000 kampuni ya Savage ilianza kuuza bunduki za bei nafuu zenye kifyatulio ambacho mnunuzi mwenyewe aliweza kukirekebisha, na washindani wake wakalazimika kufuata. Savage hiyo hiyo, kwa bunduki yake ya 110 iliyoingia sokoni 1958, hufunga mtutu kwa nati. Mwenye kifaa sahihi na kipimo cha chemba anaweza kubadili mtutu nyumbani, kazi ambayo kwa bunduki nyingine nyingi hupelekwa kwa fundi mwenye mashine.

Mtutu ndio moyo wa jambo, lakini si kila mtutu hukubali kila risasi. Ndani yake mna mifuo iliyojipinda, nayo huizungusha risasi ili isipinduke hewani. Bunduki nyingi za .270 Winchester, kaliba iliyozaliwa 1925, hukamilisha mzunguko mmoja kwa kila inchi 10, yaani sentimita 25.4. Hilo lilitosha kabisa kwa risasi fupi za zama hizo. Risasi za leo za masafa marefu ni ndefu na nyembamba, zenye ncha kali ya kupasua hewa, na risasi ndefu hutaka izungushwe haraka zaidi. Mtu anaweza kununua darubini ya bei ya gari kuukuu, akaifunga juu ya mtutu wenye mzunguko usiolingana na risasi yake, na asijue kwa nini matundu yametawanyika.

Hapo ndipo ilipopata umaarufu 6.5 Creedmoor. Wazo lake lilitokana na mazungumzo ya mwanasayansi wa balistiki wa kampuni ya Hornady, Dave Emary, na mlenga shabaha Dennis DeMille, kwenye mashindano ya Camp Perry huko Ohio, na mwaka unaotajwa kuwa wa kuzaliwa kwake ni 2007. Haikuwa na nguvu za kutisha; .300 Winchester Magnum ya 1963 huizidi kwa mbali. Ilichokuwa nacho ni mpango. Ganda lilifanywa fupi ili risasi ndefu ipate nafasi, mtutu ukapewa mzunguko wa inchi 8, risasi za kiwandani zikatengenezwa kwa kiwango ambacho zamani kilipatikana kwa wanaojaza maganda yao wenyewe, na teke lake begani likawa dogo. Hilo la mwisho halisifiwi inavyostahili. Bunduki isiyoumiza bega hupigwa mara nyingi, na anayepiga mara nyingi hujifunza.

Basi bunduki nzuri ya leo inaweza kupiga vizuri kiasi gani? Walenga shabaha hupima kwa dakika: digrii moja ina dakika 60, na dakika moja kwenye mita 100 ni sentimita 2.9. Bunduki nyingi za bei ya kawaida huuzwa zikiwa na ahadi ya kuweka matundu matatu ndani ya dakika hiyo moja. Ahadi si uongo, ila matundu matatu ni ushahidi mwembamba. Hesabu za mtawanyiko zinaonyesha kwamba bunduki hiyo hiyo, risasi zile zile, mpigaji yule yule, kundi la matundu kumi huwa kwa wastani pana mara 1.6 hivi kuliko kundi la matatu. Karatasi yenye matundu matatu yanayogusana, ambayo mtu huikunja na kuiweka kwenye pochi ili awaonyeshe wenzake, kwa kawaida ni siku njema tu ya bunduki ya kawaida. Mwindaji anayetaka ukweli hupiga kumi. Tena hupiga risasi moja moja kutoka mtutu baridi, asubuhi tofauti, kwa kuwa mnyama hupigwa kwa risasi ya kwanza, na ya kwanza haiangukii mahali pamoja na ya tano kwa kila bunduki.

Ichukuliwe basi bunduki ya dakika moja ya kweli. Kwenye mita 450 mtawanyiko wake ni sentimita 13, yaani risasi haiendi mbali zaidi ya sentimita 6.5 kutoka katikati. Mwenye nayo akitumia fedha nyingi, akabadili mtutu, kitako na kifyatulio, akafikia nusu dakika, amepunguza kosa hilo hadi sentimita 3.3. Amenunua sentimita tatu na ushee kila upande.

Upepo haujali fedha hizo. Ule wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni huisogeza risasi ya gramu 9.3 iliyotajwa mwanzoni kati ya sentimita 35 na 40 kwenye mita 450. Mpigaji akikadiria vizuri, hulenga upande upepo unakotoka na mambo huwa sawa. Akikosea kwa kilomita 5 tu kwa saa, risasi huenda sentimita 12 nje ya alikotaka. Kwa mnyama wa ukubwa wa kulungu, ambaye eneo la moyo na mapafu ni kama sentimita 25 kwa upana, kosa hilo moja huitoa risasi katikati na kuifikisha ukingoni. Na nani awezaye kuukadiria upepo kwa usahihi wa kilomita 5 kwa saa ng'ambo ya bonde, ambako huku hewa inapanda na jua, kule inashuka na kivuli, na katikati hakuna hata jani la kutazama? Wapo wanaoweza. Wamejifunza kwa maelfu ya risasi, na wengi wao ndio wa kwanza kukataa kupiga.

Tena upepo hauongezeki kwa ulingano na umbali. Kutoka mita 450 hadi 800 umbali haujafika hata maradufu, lakini upepo ule ule sasa huisogeza risasi kwa mita moja na robo na zaidi, ambayo ni zaidi ya mara tatu. Risasi yenyewe sasa inatumia karibu sekunde moja na robo hewani. Kushuka kwa risasi kwa sababu ya mvutano wa dunia ni kukubwa kuliko hata hivyo, ila kunahesabika. Kipimo cha leza hutoa umbali, programu ya simu hutoa idadi ya mibofyo ya kuzungusha kwenye darubini, na mpigaji hulenga palepale anapotaka. Tangu miaka ya 1990, leza za kupimia umbali zilipoanza kupatikana madukani kwa bei ya watu wa kawaida, nusu ya tatizo la zamani ilitatuliwa. Nusu iliyobaki ndiyo ile isiyouzwa: upepo, na hiari ya mnyama.

Kuna mtu mmoja katika historia ya Afrika Mashariki ambaye mjadala wa kaliba hauwezi kumpita. W. D. M. Bell, Mskoti aliyezaliwa 1880, aliingia Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20, akifuata njia ambazo misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu ilikuwa imekwisha kuzikanyaga kutafuta pembe. Kwa hesabu yake mwenyewe aliua tembo zaidi ya elfu moja. Ni mauaji ya kibiashara yanayohuzunisha, na hayapaswi kupambwa. Lakini ndani yake mna jambo ambalo wauza bunduki hawapendi kulikumbuka. Wazungu wenzake walibeba bunduki nzito za mitutu miwili, kama .577 ambayo risasi yake ina uzito wa karibu gramu 49. Bell wengi wa tembo wake aliwaua kwa Mauser nyepesi ya milimita 7, risasi ya gramu 11, chini ya robo ya ile.

Aliweza kwa sababu alimjua mnyama. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo ulikokaa na njia za kuufikia kutoka kila upande, na alisogea karibu mno kabla ya kupiga. Ujuzi wa Bell haukuwa kibali kwa kila mtu kufanya alivyofanya, na sheria za nchi nyingi za Afrika zenye uwindaji wa kitalii sasa huweka kima cha chini cha .375 kwa wanyama hatari, kaliba ambayo Holland & Holland wa London waliileta 1912. Sheria hiyo ni sahihi. Haimtungii kanuni Bell. Inamlinda mnyama, na pia mfuatilia nyayo aliyetangulia mbele, dhidi ya mgeni aliyejiona Bell. Hata hivyo mfano wake unabaki: aliyepunguza ukubwa wa bunduki alilazimika kupunguza na umbali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwindaji wa aina yake aliinama hasa, akatambaa, akasubiri upepo ugeuke, akarudi nyuma na kuanza upya.

Wamarekani wenyewe wamelijadili jambo hili kwa uchungu. Klabu ya Boone and Crockett ilianzishwa 1887 na Theodore Roosevelt pamoja na George Bird Grinnell, wakati nyati wa Amerika walikuwa wamekaribia kutoweka, na ndiyo iliyojenga wazo la uwindaji wa haki, kwamba mnyama lazima abaki na nafasi ya kweli ya kuponyoka. Roosevelt huyo huyo alishuka Mombasa mwaka 1909, na safari yake na mwanawe Kermit iliua wanyama 512. Wengi walipelekwa kwenye makumbusho, lakini idadi hiyo inakumbusha kwamba waasisi wa kanuni nao walikuwa watu wa zama zao. Klabu imetoa msimamo wake kuhusu kupiga kutoka mbali. Haikutaja idadi ya mita. Inasema, kwa maana, kwamba umbali usiofaa hutambulika kwa nia ya mwindaji: anayekwenda porini ili ajaribu bunduki yake imefika wapi amekwisha kuuacha uwindaji, kwa sababu mnyama ambaye pua, masikio na macho yake hayana tena la kumwambia hana nafasi ya kuponyoka.

Jimbo la Idaho limechukua njia ya vitendo zaidi. Linakataza kuwindia wanyama wakubwa kwa bunduki ambayo pamoja na darubini na mkanda wake inazidi ratili 16, yaani kilo 7.3 hivi, na linabana vifaa vya kielektroniki vinavyofungwa kwenye bunduki. Ukiipima kwa jicho la mlimani, ni sheria yenye busara. Bunduki za kupigia mita elfu moja huwa nzito ili zitulie. Kikomo cha uzito humrudisha mtu kwenye bunduki anayoweza kuipandisha mlima kwa miguu yake.

Uzito wa risasi nao una mpaka wake wa kimaadili, ambao huonekana kwenye hesabu ya nguvu. Wawindaji wengi wa elki hushika desturi ya kutaka risasi iwe bado na joule 2,000 hivi inapomfikia mnyama. Ile ya 6.5 Creedmoor hutoka mtutuni na joule zaidi ya 3,100, na hushuka chini ya kiwango hicho baada tu ya mita 350. Zaidi ya nguvu kuna kasi: risasi ya kuwindia imeundwa ipanuke ndani ya mwili, na ikifika imechoka hupenya kama msumari, ikaacha tundu jembamba na mnyama anayekwenda kilomita kadhaa kabla ya kufa. Kwa kulungu mdogo desturi hushusha kiwango hadi nusu au robo tatu. Kwa elki, mwenye Creedmoor anayesikiliza hesabu badala ya sifa za kaliba yake ana mpaka ulio wazi, na mpaka huo ni mfupi kuliko watangazaji wanavyodokeza.

California imeongeza jambo jingine. Mwaka 1982 kondori wa huko, ndege mkubwa wa jamii ya tai mzoga, walikuwa wamebaki 22 tu duniani, na sumu iliyowaua wengi na inayoendelea kuwaua ni madini ya risasi yaliyobaki kwenye matumbo na mizoga iliyoachwa na wawindaji. Picha za eksirei huonyesha vipande vidogo vilivyosambaa kwenye nyama, mbali na njia ya jeraha. Kuanzia Julai 2019 jimbo hilo halikubali tena risasi zenye madini hayo katika uwindaji wowote. Zile za shaba tupu ni safi, hupanuka vizuri, ila shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi. Kwa uzito ule ule risasi ya shaba huwa ndefu zaidi, na huhitaji kasi zaidi ili ifunguke. Mtutu wa zamani wenye mzunguko wa polepole hauwezi kuituliza ile ndefu, na ile fupi hupoteza kasi mapema. Kwa hiyo anayebadili risasi kwa ajili ya kondori anapaswa kuubadili na mpaka wake wa umbali, usogee karibu. Hilo ni gharama ndogo kwa ndege wa aina hiyo.

Jibu la mwenye Remington ya baba yake, basi, ni rahisi kuliko duka linavyoonyesha. Alaze chuma vizuri kwenye kitako, auache mtutu huru, atafute kifyatulio kizuri. Darubini aibadili, na aijaribu kwa kuizungusha mibofyo mingi juu, kulia, chini na kushoto, aone kama inarudi palepale ilipoanzia. Darubini isiyorudi ni hatari kuliko isiyo na mibofyo kabisa. Achague risasi moja ya kuwindia na kuishikilia. Fedha zinazosalia zote ziende kwenye sanduku za risasi za mazoezi, na mazoezi yenyewe yafanywe ameketi, amepiga goti, ameegemea mkoba mgongoni mwa jiwe, pumzi imempaa kwa kupanda. Meza ya klabu ya shabaha hainyanyuki kwenda mlimani. Umbali ambao katika hali hizo anaweka risasi kumi kati ya kumi ndani ya sahani ya sentimita 20 ndio umbali wake. Kwa wengi waaminifu, hufika mita 250, au 300. Wachache hufika zaidi.

Kinachosemwa mara chache ni kile kinachofuata risasi ikishatua. Aliyepiga kutoka mita 80 huona palipo na damu, huenda na kugusa majani. Aliyepiga ng'ambo ya korongo la mita 500 huona wanyama wanakimbia kuingia msituni, na akiwa upande wake hana njia ya kujua yupi alikuwa yule. Mpaka ashuke, avuke kijito, apande tena, nusu saa au saa nzima imepita, na miti yote inayofanana aliyoitazama kupitia darubini, akisimama chini yake, hajui tena ni upi. Wapo wanaosema, "Nilikosa," kisha wakaondoka. Desturi njema hutaka mmoja abaki pale bunduki ilipopigiwa, amwongoze mwenzake kwa mkono hadi mahali halisi, na watafute damu hata pale wanapoamini kwamba risasi ilipita hewani.

Katika vitalu vya uwindaji vya Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaendelea tofauti na Kenya iliyoufunga mwaka 1977, mgeni hupiga kwa kawaida akiegemea miti mitatu, mnyama akiwa umbali wa kuonekana masikio yake, mwindaji bingwa kando yake na mfuatilia nyayo mbele. Mnyama akijeruhiwa na kupotea huhesabiwa kuwa ameuawa, na ada yake hulipwa. Marekani, katika majimbo mengi, mwindaji hutakiwa kufanya bidii ya kumtafuta aliyejeruhiwa, lakini asipompata kibali hubaki mfukoni, na kesho yake anaweza kupiga mwingine kutoka umbali ule ule. Kanuni ya vitalu ingefaa Montana na Idaho pia: kibali kikatwe damu inapoonekana. Bunduki zisingebadilika hata moja. Ila mwenye bunduki ya nusu dakika, akiwa amelala juu ya jabali na upepo ukimpiga shavuni kutoka upande asioweza kuupima, angekuwa na sababu ya kuinuka na kuanza kutembea.